Kabla Hujampa Mtoto Steroidi: Hotuba kwa Wauza Dawa na Wazazi wa Mwanza

Ndugu mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ndugu zangu wenye maduka ya dawa muhimu kutoka Kirumba, Igoma, Buhongwa na Magu, nanyi mliovuka kuja kutoka Sengerema na Ukerewe, wazazi mliokuja na watoto: mwangaluka. Itifaki imezingatiwa.

Mliniomba nizungumzie dawa za steroidi. Sitaanza na orodha ya madhara. Orodha hiyo mnayo, imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kila pakiti, na haijamzuia mtu yeyote kununua wala kuuza. Nataka leo tuingie ndani ya seli, tuone kidonge cha prednisoloni kinafanya nini kikikutana na chembe nyeupe ya damu, kwa sababu naamini mtu akishalielewa hilo hatakitoa tena kwa mkono mwepesi. Na kuna jambo moja ambalo sitaki mtu aondoke hapa bila kulisikia, kwa hiyo nalisema mapema: mtoto mwenye uvimbe usiojulikana, uwe wa tezi za shingo, wa taya au wa tumbo, na mtoto aliyepauka huku analia mifupa inauma, asipewe steroidi ya aina yoyote kabla hajapimwa. Sababu yake mtaiona tukifika ndani.

Tuanze na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Zinaitwa adrenali. Hutengeneza homoni ya kotisoli kutokana na kolesteroli. Kotisoli hupanda alfajiri, hufika juu kabisa karibu na saa mbili asubuhi, kisha hushuka mpaka usiku wa manane. Mtu akiumia, akiugua, akikaa na njaa, hupanda tena. Prednisoloni, deksamethasoni, betamethasoni na klobetasoli, ambayo ndiyo imo katika krimu nyingi za kung'arisha ngozi, zote zimetengenezwa kwa kuifuata kotisoli. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe. Zipo homoni nyingine za steroidi, za kiume na za kike, lakini leo sizungumzii hizo.

Tofauti kubwa iko kwenye nguvu. Miligramu 20 za haidrokotisoni ni sawa na miligramu 5 za prednisoloni, na ni sawa na miligramu 0.75 tu za deksamethasoni. Dada wa dukani anayeshika kidonge cha deksamethasoni cha nusu miligramu akadhani ni dawa ya kawaida kwa kuwa namba ni ndogo, namba hiyo imemdanganya. Vidonge vinavyouzwa kwa jina la vidonge vya kunenepesha mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni. Mashavu yanajaa, mteja anafurahi, kumbe mwili umejaa maji na mafuta yamehamia usoni na tumboni. Huko sikuja kukaa. Nimekuja kwa ajili ya chembe nyeupe.

Homoni hizi zina asili ya mafuta, kwa hiyo zinapenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani ya ute wa seli kuna protini iitwayo kipokezi cha glukokotikoidi (hilo ndilo jina la kitaalamu la jamii hii ya steroidi), ambayo imeshikiliwa na protini nyingine za kuitunza. Homoni ikishanasa kwenye kipokezi, umbo la kipokezi linabadilika, kinaachana na baadhi ya watunzaji wake, kinaingia kwenye kiini cha seli, na hapo kinajishika kwenye sehemu maalumu za DNA. Jeni fulani zinawashwa, nyingine zinazimwa. Jeni za uvimbe na homa ni miongoni mwa zinazozimwa, na ndiyo maana mgonjwa wa pumu anapata nafuu. Lakini katika baadhi ya seli za kinga, hasa zile chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti zikiwa bado changa, miongoni mwa jeni zinazowashwa mna zile za kifo cha seli yenyewe.

Naomba mlisikie hili vizuri, maana ndilo lililonivutia mimi kwenye somo hili tangu nikiwa mwanafunzi na bado linanishangaza. Steroidi haiui limfosaiti jinsi dawa ya kuoshea choo inavyoua kila kilicho hai. Wataalamu walichukua seli za tezi ya thaimasi ya panya, wakaziwekea steroidi, zikafa baada ya saa kadhaa. Kisha wakaziwekea nyingine steroidi pamoja na dawa inayozuia seli isitengeneze protini mpya. Hizo hazikufa. Maana yake ni kwamba seli inashiriki katika kifo chake: inasoma jeni, inatengeneza protini, halafu protini hizo zinaimaliza. Ukiizuia isifanye kazi, inabaki hai.

Moja ya protini hizo inaitwa Bim. Kwa kawaida seli ina protini za kuilinda, maarufu zaidi ikiwa Bcl-2, ambazo huzizuia mbili nyingine, Bax na Bak, zisitoboe utando wa nje wa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Bim inapoongezeka inawashika walinzi hao. Bax na Bak zinaachiwa, zinatoboa mitokondria, na kutoka humo inamwagika protini iitwayo saitokromu c. Hiyo ikishafika kwenye ute wa seli inaungana na nyingine na kuamsha vimeng'enya vya kukata, vinavyoitwa kaspezi. Kaspezi ya 9 inaiamsha ya 3, na ya 3 inakata protini za seli huku na huku. Kimeng'enya kingine kinaikata DNA vipande vipande, na vipande vyenyewe havina urefu wa ovyo: ni kama herufi 180 hadi 200, au mara mbili yake, au mara tatu. Andrew Wyllie alionyesha hivyo mwaka 1980 kwa seli za thaimasi zilizopewa steroidi. Miaka minane kabla, 1972, yeye pamoja na John Kerr na Alastair Currie walikuwa wameandika kwamba aina hii ya kifo ni jambo la kawaida la mwili, wakaipa jina la apoptosisi.

Nyumba ikiungua, majirani wote wanapata moshi na pengine moto wenyewe. Nyumba ikibomolewa na mafundi, bati linashushwa moja moja, matofali yanapangwa, jirani anaendelea kupika. Seli inayokufa kwa apoptosisi inasinyaa, inajigawa vifurushi vilivyofungwa, na seli za jirani zinavimeza kabla havijamwaga kitu. Hakuna uvimbe, hakuna usaha, hakuna maumivu. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza seli nyingi sana za kinga na asisikie chochote, tena akajisikia vizuri kuliko jana.

Mtaniuliza: kwa nini Mwenyezi Mungu aliweka kitu kama hiki mwilini? Jibu liko kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo kwa mtoto ni kubwa na kwa mzee imebaki mafuta. Huko ndiko limfosaiti T zinakokulia na kuchujwa. Chini ya 5 katika kila 100 ndizo zinazotoka salama. Zisizoweza kutambua kitu zinakufa, na zinazoelekea kushambulia mwili wenyewe zinakufa pia. Seli changa zilizo katikati ya mchujo huo ndizo zinazoiogopa steroidi kuliko zote. Na katika majaribio limeonekana jambo la ajabu: seli changa ikipata ishara ya steroidi peke yake inakufa, ikipata ishara kali ya kipokezi chake cha kinga peke yake inakufa, lakini ishara mbili hizo zikija pamoja zinapunguzana nguvu, na seli inaweza kuishi. Yaani homoni hii ina uwezo wa kusaidia kuamua nani abaki.

Hata kabla mtu hajajua lolote kuhusu Bim, mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa Montreal nchini Kanada, aliona kwamba panya waliopata mateso ya namna yoyote, baridi, jeraha, sumu, thaimasi zao zilinywea na adrenali zao zikavimba. Ukiziondoa adrenali kwanza, thaimasi hainywei hivyo. Kwa watoto wetu jambo hili si la maabara tu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali thaimasi yake husinyaa, na kotisoli iliyopanda ni moja ya sababu. Ndiyo maana surua inamkuta hana cha kupigana nacho.

Sasa niwe mkweli mbele ya waganga wenzangu, kwa sababu jambo hili watu hulizidisha chumvi. Si kila seli ya kinga inakufa kwa steroidi. Limfosaiti zilizokomaa za binadamu ni sugu kuliko zile changa, na mtu akimeza prednisoloni leo, limfosaiti zinazopungua kwenye damu yake ndani ya saa chache nyingi hazijafa, zimehama tu kutoka kwenye mzunguko kwenda kujificha, hasa kwenye uboho. Eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinakufa kweli. Neutrofili, nazo chembe nyeupe, ni kinyume: steroidi inazirefushia maisha na kuzitoa kwenye kuta za mishipa, hivyo idadi yake kwenye damu inapanda. Ukipata majibu ya FBP, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, yanaonyesha chembe nyeupe nyingi, neutrofili juu na limfosaiti chini, muulize mgonjwa alimeza nini wiki hii kabla hujamwandikia antibayotiki.

Nimefika mahali nilipotaka kukaa.

Kama limfosaiti changa zinakufa kwa steroidi, basi saratani inayotokana na limfosaiti changa nayo inaweza kufa kwa steroidi. Na ndivyo ilivyo. Kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli, ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1948, ilikuwa kwa ajili ya baridi yabisi, kazi iliyowapatia Hench, Kendall na Reichstein tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Haikuchukua muda madaktari wakaona watoto wenye saratani ya damu ya limfoblasti wakipata nafuu kwa homoni za jamii hii. Mpaka leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, hakuna mpango wa maana wa kutibu saratani hiyo usiokuwa na prednisoloni au deksamethasoni. Katika mpango mmoja uliotokea Ujerumani, mtoto hupewa prednisoloni kwa siku 7 pamoja na sindano moja ya methotreksati mgongoni, na siku ya 8 huhesabiwa seli za saratani zilizobaki kwenye damu. Zikiwa chini ya 1,000 kwa mikrolita, ni dalili njema. Zikizidi, daktari anajua ana adui mgumu na anaongeza nguvu ya tiba.

Ziwa letu nalo limo katika historia hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Baadaye ilifahamika kwamba ni limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, kwamba inafuata ukanda wa malaria, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake. Ni uvimbe wa watoto wa huku kwetu, wa pande zote za Ziwa Victoria. Na katika tiba yake ya awali, pamoja na dawa za saratani za siklofosfamidi na vinkristini, prednisoloni imo.

Kwa hiyo fikirini mtoto wa miaka mitano kule visiwani Ukara au Kome. Taya limevimba upande mmoja, jino linacheza. Mama anakwenda dukani. Anaambiwa ni jino, anapewa antibayotiki, na kwa kuwa uvimbe ni mkubwa anaongezewa prednisoloni au deksamethasoni "ya kushusha uvimbe". Siku ya nne uvimbe umepungua kweli. Mama anashukuru, anawasimulia wenzake, dada wa dukani anasifiwa. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekusudia ubaya. Seli za saratani zimekufa kwa njia ile ile niliyoieleza, kimya, bila usaha wala homa. Lakini hazikufa zote.

Zilizobaki ni zile ambazo dawa haikuziweza: pengine kipokezi chake kina kasoro, pengine Bim haipandi vya kutosha, pengine walinzi wa mitokondria ni wengi mno. Wiki chache baadaye uvimbe unarudi, na safari hii prednisoloni haiuwezi tena. Mtoto anafika hospitali kubwa akiwa amechelewa. Na kama analetwa bado uvimbe umenywea, ni tatizo jingine: tunakata kinyama cha kupima, mtaalamu anaangalia kwenye hadubini anakuta seli zilizokufa na makovu, hawezi kusema ni ugonjwa gani. Uboho nao unaweza kuonekana karibu safi. Ile hesabu ya siku ya 8 niliyoitaja imepotea, kwa sababu siku ya kwanza ilianzia dukani na hakuna aliyeihesabu. Nalia na jambo hili kuliko mengine yote, kwa kuwa saratani ya damu ya watoto na limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazopona. Zinapona zikikamatwa mapema na kutibiwa kwa mpango kamili, si kwa kipande kimoja cha mpango.

Kuna hatari ya tatu, nayo inaua kwa siku mbili tatu. Uvimbe mkubwa wa aina hii ukifa kwa mpigo, yaliyokuwa ndani ya seli yanaingia kwenye damu: potasiamu, fosfeti, na asidi ya yuriki inayotokana na DNA iliyokatwakatwa. Figo zinaziba. Moyo unapigwa na potasiamu. Ndiyo maana hospitalini, kabla ya kumpa mtoto huyo dozi ya kwanza, tunamwekea maji mengi ya mshipa, tunampa alopurinoli ya kuzuia asidi ya yuriki na tunapima damu yake mara kwa mara. Nyumbani kisiwani hakuna wa kuyafanya hayo.

Madhara mengine nitayapita haraka, si kwa kuwa ni madogo bali mnayajua zaidi. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kuna mnyoo aitwaye strongiloidi, anayeingia kwa nyayo za mtu anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Huyu ana uwezo wa kuzaliana ndani ya mtu huyo huyo kwa miaka mingi bila dalili, na steroidi ikiingia anaenea mwili mzima na kubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Mgonjwa wa namna hiyo hupotea haraka sana. Na aliyetumia vidonge kwa wiki kadhaa, adrenali zake zimelala. Asiache ghafla, maana anaweza kuzimia. Apunguziwe na mganga. Hata wanaopaka mkorogo mwili mzima kwa miezi, dawa inapenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Sisemi steroidi ni dawa mbaya, na nisingependa mtu atoke hapa akamnyang'anya mgonjwa wa pumu prednisoloni yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo wa kuvimba uso na kupoteza protini anaihitaji. Mwenye homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu anaihitaji. Mwaka 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa theluthi moja hivi, na kwa wanaopewa oksijeni kwa moja ya tano. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule: imeokoa hawa, haikuwasaidia wale. Tofauti ilikuwa kumjua mgonjwa kabla ya kuitoa.

Basi wenye maduka, nawaomba hivi. Mama akija na mtoto mwenye tezi za shingo zisizouma na zinazidi kukua, au taya, au jicho linalosukumwa nje, au tumbo gumu; au mtoto aliyepauka viganja, ana madoa ya damu kwenye ngozi, homa zinamrudia na anagoma kutembea kwa maumivu ya mifupa, mpe panado ya maumivu na umwambie aende hospitali wiki hiyo hiyo, asisubiri mavuno wala dagaa wakauke. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wapo wanaotibu watoto wenye saratani kutoka Kanda ya Ziwa nzima. Mnaotoka Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hamngoji tena kivuko. Wa Ukerewe na visiwani najua bado ni meli na nauli, na najua mama ataomba apewe tu kitu apumzike. Mueleze kwa nini humpi. Mwambie dawa hiyo itaficha ugonjwa wa mwanawe.

Na kama mtoto alishapewa, iwe na wewe au na duka jingine, usimfiche mama na usimwogope daktari. Chukua karatasi uandike jina la dawa, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, tarehe aliyoanza na tarehe ya kidonge cha mwisho. Mpe aje nayo. Hakuna atakayekushitaki kwa karatasi hiyo mbele yangu, na mimi nikiipata nitajua nihesabu siku kuanzia wapi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ndugu mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na wazazi waanze.